Herufi I kwenye matokeo: nani anafanya spesho, nani anasapu, nani anafuatilia CA?

CR Mwaka wa Pili

Wakuu, salaam. Mimi ni CR, yaani kiongozi wa darasa.

Matokeo ya muda ya semista yametoka, na darasani kwetu kuna watu watatu ambao kwenye somo mojamoja hawana alama, wamewekewa herufi I tu, yaani matokeo hayajakamilika. Kila anayewashauri anasema lake, na mmoja ameshaambiwa akalipe hela ambayo haieleweki ni ya nini. Wameniruhusu nieleze kesi zao hapa bila majina, maana humu najua kuna wahadhiri na watu wa ofisi za mitihani.

Wa kwanza ni dada aliyelazwa hospitali siku ya UE (mtihani wa mwisho wa semista) ya Takwimu. CA yake (alama za test na kazi za semista) ni 27 kati ya 40, imeonekana na kila mtu. Anaambiwa "wewe utasapu tu Septemba, usihangaike."

Wa pili amefanya test zote mbili, kazi ya kikundi na UE. Kwenye mfumo sehemu ya CA iko tupu. Anaambiwa akate rufaa na alipie.

Wa tatu hakupeleka ripoti ya mafunzo kwa vitendo ndani ya muda. Wiki nane za kazi alimaliza, logibuku ameijaza, msimamizi wa kule amesaini.

Chuo chetu ni CA 40 na UE 60, A inaanzia 70. Naomba kujua: hiyo I inaingia kwenye GPA (wastani wa pointi)? Spesho na sapu vina tofauti gani hasa? Waanzie ofisi gani? Na I inageuka sifuri lini?

---

MezaYaMitihani

CR, umefanya vizuri kuwatenganisha. Herufi ni moja, ila hayo ni matatizo matatu na kila moja lina mlango wake. Naanza na dada aliyelazwa, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kupoteza zaidi kwa kusikiliza ushauri wa kwenye korido.

Dada huyo hasapu. Sapu ni ya mtu aliyefanya mtihani akafeli. Yeye hajafanya, na kama sababu yake inakubalika anastahili mtihani maalumu, yaani spesho, ambao ni mara yake ya kwanza kuukalia. Tofauti yake kwenye alama ni kubwa. Kwenye spesho CA yake ya 27 inabaki, karatasi inasahihishwa kwa 60, na jumla inapewa gredi kamili. Akipata 38 kati ya 60 anakuwa na 65, hiyo ni B+, pointi 4. Kwenye sapu vyuo vingi vinaiweka CA pembeni, karatasi inasahihishwa kwa 100, na hata akipata 85 gredi anayoandikiwa ni C, pointi 2. Hiyo ndiyo dari ya sapu.

Watu huchanganya kwa sababu mara nyingi spesho na sapu hufanyika wiki moja, chumba kimoja, na karatasi yenye maswali yaleyale. Mhadhiri anatunga mtihani mmoja, ofisi inatengeneza orodha mbili. Hapo kwenye orodha mbili ndipo mambo huharibika: jina la mtu wa spesho linaingizwa kwenye orodha ya sapu, mfumo unamfunga kwenye C bila kumuuliza mtu yeyote, na hakuna anayeshtuka kwa kuwa C ni kufaulu. Nenda idarani siku chache kabla ya mtihani, tazama orodha iliyobandikwa, hakikisha jina lake liko upande wa spesho. Baada ya matokeo fanya hesabu hii: mwenye CA 27 anayepata C maana yake UE alipata kati ya 13 na 22. Kama alitoka chumbani akiwa na uhakika wa zaidi ya hapo, aombe kuonyeshwa alama zake zilivyogawanyika, CA ngapi, UE ngapi.

Sasa kibali. Spesho haiji yenyewe kwa sababu tu kila mtu anajua ulilazwa. Anaandika barua kwa mkuu wa kitivo (au mkuu wa shule, au wa ndaki, kutegemea chuo) kupitia kwa mkuu wa idara. Barua iwe na jina kama lilivyo kwenye usajili, namba ya usajili, msimbo wa somo, tarehe na saa ya mtihani alioukosa, na sababu kwa sentensi mbili. Aambatishe ripoti ya daktari. Kisha apeleke ripoti hiyo zahanati ya chuo ili mganga mfawidhi aipitie na kuithibitisha. Hatua hii wengi wanairuka, halafu wanashangaa barua kurudi.

Ripoti zinazokataliwa nazijua kwa sura. Kuna ya tarehe ya kesho yake. Kuna iliyoandikwa "alihudhuria kliniki" bila kusema kama alilazwa au hakuwa na uwezo wa kukaa mtihani. Kuna isiyo na muhuri wala jina la daktari, na kuna yenye majina mawili wakati usajili una matatu. Na mbaya kuliko zote ni inayoletwa baada ya matokeo ya mwisho kutoka, maana hapo bodi ya mitihani inaiona kama kisingizio hata kama ni ya kweli. Cheti cha kuruhusiwa kutoka wodini, chenye tarehe ya kuingia na ya kutoka, kina nguvu kuliko karatasi yoyote nyingine. Amtume nduguye akachukue nakala masijala ya hospitali kama hana.

Barua ikipokelewa, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri huo, barua ikipotea mezani kwa mtu, mbele ya bodi ni kama haikuwahi kuandikwa.

Halafu aelewe hali aliyo nayo kwa sasa. I aliyopewa ni ya muda. Asipopeleka ushahidi, bodi itaiandika kuwa hakuonekana mtihanini bila ruhusa, na hilo kwenye kanuni za vyuo vingi ni zito kuliko kufeli. Aliyefeli anasapu. Aliyetoroka mtihani wengine wanamwandikia sifuri na wengine wanamdisko, yaani wanamwondoa chuoni, moja kwa moja.

---

Pointi na Krediti

Naongezea swali la GPA ambalo Meza hajaligusa.

I haina pointi, kwa hiyo haitakiwi kuingia juu wala chini ya mstari. Krediti za somo hilo zinaondolewa kwenye mgawanyo mpaka alama ipatikane. Tuchukue semista ya krediti 60, A=5, B+=4, B=3, C=2:

Somo la krediti 12, B+: 48
Somo la krediti 12, B: 36
Somo la krediti 12, A: 60
Somo la krediti 8, B: 24
Somo la krediti 8, B+: 32
Takwimu, krediti 8: I

Jumla ya pointi ni 200. Ukigawa kwa 52 unapata 3.84, inaandikwa 3.8. Vyuo vingi hapa kwetu Tanzania havikadirishi kwenda juu, vinakata tu baada ya desimali ya kwanza, kwa hiyo 3.49 ni 3.4, haiwi 3.5.

Mfumo ukisoma I kama sifuri, 200 inagawanywa kwa 60, anapata 3.3. Ametoka daraja la pili la juu (3.5 hadi 4.3) akaangukia la pili la chini (2.7 hadi 3.4) bila kufeli chochote. Ukiona GPA ya mtu imeshuka kwa kiasi hicho na herufi I ipo, fanya hesabu kwa mkono namna zote mbili, utajua mara moja mfumo umefanya nini. Kosa hilo linatokea sana pale I inapoingizwa kama alama tupu, programu ikaitafsiri kuwa 0.

Na kwa dada wa Takwimu: akipata B+ kwenye spesho inakuwa 232 kwa 60, yaani 3.8. Wakimwingiza kwenye sapu akapewa C ni 216 kwa 60, yaani 3.6. Kwa semista moja tofauti inaonekana ndogo, lakini kuna watu wanamaliza na 3.4 wakiwa na sapu moja ambayo haikutakiwa kuwa sapu.

---

Mhadhiri wa Zamu

Kesi ya pili, CA iliyopotea. Asikate rufaa na asilipe chochote kwa sasa.

Rufaa ni ya mtu ambaye alama anayo na haikubali: anataka karatasi isahihishwe upya au usahihishaji uhakikiwe. Ina ada na ina siku za mwisho. Alama isiyoonekana ni suala la kumbukumbu, linamalizwa idarani bila ada. Nimeona wanafunzi wanalipa rufaa, rufaa inarudi na jibu "hakuna alama ya kuhakiki," na hela hairudi.

Kabla hajamwona mhadhiri, aangalie kitu kimoja kwenye akaunti yake: je, somo hilo alilisajili? Siyo kuhudhuria, kusajili kwenye mfumo wa chuo. Kama alibadilisha somo la hiari wiki za mwanzo na hakukamilisha, au alibofya akasahau kuthibitisha, jina lake halipo kwenye orodha ninayopakua mimi kuingiza alama. Naweza kuwa na alama zake zote kwenye daftari na nikakosa mstari wa kuziandika. Hapo dawa haiko kwangu, iko kwa msajili wa taaluma: anaomba usajili wa kuchelewa kwa barua, mimi na mkuu wa idara tunathibitisha kwamba alihudhuria. Ila hii ya kwake UE imeonekana, kwa hiyo inaelekea usajili uko sawa. Ahakikishe tu.

Usajili ukiwa sawa, sababu zilizobaki ni hizi, kwa mpangilio wa ninavyozikuta mara nyingi. Jina halikuandikwa kwenye jalada la kazi ya kikundi, au limeandikwa na namba ya usajili imekosewa tarakimu moja. Test ilifanyika kwa mikondo miwili na karatasi za mkondo mmoja zilisahihishwa na msaidizi aliyepeleka alama kwenye faili lake, halikuunganishwa. Mwanafunzi alifanya test na mkondo usio wake. Au mhadhiri hajamaliza kusahihisha, na hilo nalo hutokea, tusiwatwishe wanafunzi peke yao.

Kumbuka pia kwamba sehemu moja ikikosekana, CA yote inaweza kuonekana tupu. Mfumo unangoja test 1, test 2 na kazi ya kikundi. Moja ikiwa haina tarakimu, unagoma kujumlisha. Kwa hiyo asiingie ofisini na kusema "CA yangu yote imepotea." Aulize: ni kipengele gani hakina alama?

Aende na nini? Karatasi za test zilizorudishwa, hizo ni dhahabu. Tunawaambia kila mwaka wasizitupe mpaka matokeo ya mwisho yapite seneti. Kama hana, aombe karatasi ya mahudhurio ya siku ya test, ile waliyosaini chumbani. Kwa kazi ya kikundi, wenzake wa kikundi waandike barua fupi na kusaini wote, waambatishe nakala ya kazi. Na kama idara yao hubandika CA kabla ya UE ili wanafunzi wasaini kuthibitisha, hiyo karatasi iliyosainiwa inamaliza mjadala. Tatizo ni kwamba wengi husaini bila kusoma, na mtu aliyesaini pengo lake anakuwa na kazi ya ziada kueleza kwa nini alikubali.

Akipata uthibitisho, mimi mhadhiri siingii kwenye mfumo kubadilisha kimyakimya. Najaza fomu ya marekebisho ya alama: alama ya zamani, alama mpya, sababu, viambatisho. Mkuu wa idara anasaini, inapita bodi ya mitihani ya kitivo, ndipo ofisi ya mitihani inafungua mfumo. Aombe nakala ya fomu hiyo au angalau tarehe ya kikao itakakopita. Akiambiwa "nimeshaweka, subiri," asisubiri tu, kwa sababu alama iliyoingizwa baada ya mfumo kufungwa haihifadhiwi.

---

CR Mwaka wa Pili

Asanteni sana. Mhadhiri, nauliza nyongeza: ikigundulika karatasi ya test imepotea kabisa, upande wa chuo, na mahudhurio yanaonyesha alikuwepo? Nimesikia mhadhiri anaweza kumpa wastani wa test nyingine.

---

Mhadhiri wa Zamu

Mhadhiri peke yake hapana. Ndiyo maana ya kuwa na bodi. Njia ninazozijua ni mbili. Moja, apewe test nyingine ya kipengele hicho, ihesabiwe kama ya kwanza. Ya pili, bodi iamue kuhamishia uzito wa test iliyopotea kwenye test iliyobaki: kama kila moja ilikuwa na 15, ile moja inahesabiwa kwa 30, na uamuzi unaandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Mimi napendelea ya kwanza. Kuhamisha uzito ni rahisi kwa ofisi, lakini kama test iliyobaki ndiyo aliyofanya vibaya, anaadhibiwa mara mbili kwa uzembe usio wake. Aulizwe anataka ipi, na jibu lake liandikwe.

Ikipotea karatasi ya UE yenyewe, kwanza watafute kwa namba ya kijitabu. Siku ya mtihani kila mtu husaini na kuandika namba ya kijitabu cha majibu. Mara nyingi karatasi haijapotea, imefungwa kwenye bahasha ya somo jingine lililofanyika ukumbi uleule saa ileile. Wasimkimbize kufanya mtihani upya kabla bahasha za siku hiyo hazijafunguliwa zote.

---

Mwanafunzi wa Eldoret

Naongezea ya huku Kenya kwa wanaosoma uzi huu kutoka upande wetu. Majina yanafanana, lakini hesabu ni tofauti kidogo. Vyuo vyetu vingi kufaulu ni 40, A ni 70 kwenda juu, na anayefanya sapu akafaulu anaandikiwa 40 hata kama amepata 75, mara nyingi ikiwa na nyota pembeni kwenye transkripti. Spesho inabeba alama yako yote bila nyota. Kwa hiyo huku nyota ndiyo ya kuangalia: ukiiona kwenye somo ulilofanya kama spesho, umewekwa kwenye orodha isiyo yako. Na alama zisizoonekana huku ni kilio cha miaka mingi, watu wanafika mwaka wa nne wakiwa na pengo la mwaka wa kwanza na mhadhiri ameshahama. Usipitishe pengo semista moja.

---

Dawati la Mikopo

Nagusia jambo ambalo huja kuumiza baadaye. Wanufaika wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) wanaendelea kupata fedha kwa kuwa chuo kinathibitisha kwamba wamevuka mwaka. Mwenye I anaweza kuwekwa kundi la "matokeo hayajakamilika," na jina lake likachelewa kwenye orodha ya kusaini. Haina maana amenyang'anywa mkopo. Aende kwa afisa mikopo wa chuo na barua ya kibali cha spesho (au barua ya idara inayosema alama inafuatiliwa) mapema, kabla orodha ya mwaka mpya haijatumwa. Akisubiri mpaka wenzake wasaini ndipo aulize, atangoja awamu nyingine.

Pia msichanganye kuahirisha mtihani na kuahirisha masomo. Kuahirisha mtihani mmoja kunakuacha kwenye mwaka wako. Kuahirisha masomo kunasimamisha mwaka mzima au semista, na mkopo unasimama pia mpaka urudi na barua ya chuo ya kukurejesha. Nimeona mgonjwa wa wiki mbili anajaziwa fomu ya kuahirisha mwaka kwa sababu tu ndiyo fomu iliyokuwepo mezani.

---

Pointi na Krediti

Na kudaiwa ada je? Hilo linaulizwa sana.

---

MezaYaMitihani

Kudaiwa ada kwenye vyuo vingi si sababu ya spesho. Aliyezuiwa mlangoni kwa kukosa kibali cha mtihani anahesabiwa hakufanya. Ndiyo maana anayeona ada haitakamilika aombe mapema makubaliano ya kulipa kwa awamu, au aahirishe semista kabla ya wiki ya mitihani. Baada ya mtihani kupita hakuna ofisi yenye uwezo wa kumsaidia. Tofautisha na matokeo *kuzuiliwa*: huyo amefanya mtihani, alama ipo, imefichwa mpaka alipe au mpaka shauri la nidhamu liishe. Hana haja ya spesho wala sapu.

Sababu zinazokubalika kwa kawaida ni ugonjwa, kujifungua, msiba wa mzazi, mwenza au mtoto, ajali, na kuiwakilisha nchi. Msiba uje na cheti cha kifo au barua ya serikali ya mtaa au kijiji yenye tarehe. Mwanamichezo wa timu ya taifa alete barua ya Baraza la Michezo la Taifa kabla ya kusafiri.

Aliyeugua akiwa ndani ya chumba ni kesi ngumu na watu wanaikosea. Ukishafungua karatasi umefanya mtihani. Ukizidiwa, usiinuke tu ukaondoka. Mwite msimamizi, aandike kwenye taarifa ya matukio ya chumba saa uliyotoka na hali yako, kijitabu chako kikusanywe, upelekwe zahanati ya chuo saa hiyohiyo. Taarifa ya msimamizi na kadi ya zahanati zikiwa na tarehe na saa zinazooana, bodi huwa na kitu cha kushika. Ukitoka kimya ukaenda hospitali kesho yake, kijitabu chako chenye maswali mawili kitasahihishwa kama kilivyo.

Kesi ya tatu, ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Hii ndiyo nyepesi na ndiyo inayogeuka sifuri haraka, kwa sababu haina mtihani wa kungoja. Alama yake hukusanywa sehemu tatu: tathmini ya msimamizi wa kazini, tathmini ya mhadhiri aliyemtembelea, na ripoti. Mbili za kwanza pengine ziko tayari. Amwone mratibu wa mafunzo kwa vitendo wiki hii, aulize tarehe ya mwisho ya ripoti zilizochelewa na kama zinakatwa alama kwa kuchelewa. Apeleke ripoti ikiwa na logibuku na fomu ya siri ya mwajiri. Hiyo fomu ya siri ndiyo inayopotea zaidi: mwajiri huiweka kwenye bahasha, mwanafunzi huipeleka masijala kuu badala ya kwa mratibu, inalala huko. Akaulizie masijala kwa tarehe aliyoikabidhi.

I inageuka lini? Kila chuo kina kanuni yake, imo kwenye kitabu cha mwongozo cha mwaka, sehemu ya kanuni za mitihani. Mara nyingi mwisho ni kipindi cha spesho na sapu cha mwaka huohuo. Baada ya hapo inakuwa E (gredi ya kufeli) au sifuri na anaanza kulibeba somo kama kari, yaani somo la kurudia mwaka unaofuata. Tarehe ya kuiangalia hasa ni ya kikao cha bodi ya kitivo, si ya seneti. Karatasi zikifika baada ya bodi kukaa, zinangoja kikao kingine, na kwa mwaka wa mwisho hiyo inaweza kuwa baada ya mahafali, maana hakuna anayehitimu akiwa na I.

Jambo la mwisho kwa dada wa Takwimu: akifeli spesho, bado ana haki ya kusapu kwa kuwa spesho ilikuwa mara ya kwanza. Ila dirisha la sapu la mwaka huo litakuwa limeshapita, kwa sababu vyote viwili vilikuwa wiki moja. Kwa hiyo ataibeba hadi mwaka unaofuata. Asiichukulie spesho kama jaribio.

---

Mdau wa Boston

Nimesoma yote, nimejifunza. Swali la pembeni: 2020 huku Marekani vyuo vingi viliacha gredi za kawaida semista ile ya korona. Harvard waliweka "imeridhisha" au "haikuridhisha" tu kwa kila somo. Nyumbani mlifanyaje?

---

Mhadhiri wa Zamu

Nyumbani vyuo vilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa Juni 1. Kilichofanyika kwa sehemu kubwa ni kusogeza ratiba: vipindi vikabanwa, wengine wakafundisha hadi Jumamosi, mitihani ikafanyika na gredi zikabaki zilezile. Naona lilikuwa jambo jema kwa wahitimu, kwa sababu waajiri na vyuo vya uzamili hapa wanasoma GPA, na somo la "amefaulu" lina krediti bila pointi. Ukiwa na mengi ya hivyo, madaraja yako yanabebwa na masomo machache yaliyobaki, na C moja inakushusha kuliko inavyostahili. Ni hivyohivyo kwa anayehamia chuo kingine na kuhamishiwa krediti: krediti zinakuja, pointi zinabaki kule.

Kwa aliye mahututi mwaka wa mwisho na hawezi kurudi, baadhi ya vyuo vilivyorithi kanuni za Kiingereza vina shahada ya aegrotat: seneti inaangalia kazi aliyokwisha kufanya, inampa shahada isiyo na daraja. Huombwa na mhusika au familia yake, kwa ushahidi wa daktari. Anayeikubali kwa kawaida hawezi tena kurudi kufanya mtihani uleule ili apate daraja, kwa hiyo familia isisaini kwa haraka kama kuna tumaini la kupona. Kuahirisha kunaweza kumfaa zaidi.

---

CR Mwaka wa Pili

Nimerudi na taarifa. Wa CA: kipengele kisicho na alama ni kazi ya kikundi, namba yake ya usajili iliandikwa 0147 badala ya 0174 kwenye jalada. Wenzake wamesaini barua leo. Wa ripoti amempata mratibu, ana mpaka Ijumaa. Dada wa Takwimu amepata cheti cha kuruhusiwa wodini, ila kina majina mawili na usajili una matatu. Afanye nini?

---

MezaYaMitihani

Arudi hospitali na kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa, aombe barua ya masijala inayosema mgonjwa namba fulani ndiye mwenye majina hayo matatu. Wasirekebishe cheti chenyewe kwa kalamu, kikiwa na mkwaruzo kitakataliwa. Wakigoma kutoa barua, aape kiapo cha majina mahakamani au kwa wakili, aambatishe pamoja na cheti. Kisha zahanati ya chuo, kisha idara, na nakala igongwe muhuri siku hiyohiyo.